Mikungugu ya Saa Tatu Asubuhi

Ciakuthii hakuchagua mandhari aliyopewa kuchora. Siku ya kwanza ya kosi, Mwalimu Nyamu aliwapanga wanafunzi wake ukingoni mwa uwanja wa kanisa, juu ya bonde, akampa kila mmoja stendi ya miguu mitatu na kibao kilichobandikwa karatasi nzito, kisha akawaambia waelekee kusini. Hapo palikuwa na kivuli, alisema, na hapo ndipo kanisa lilipowaruhusu kukaa. Ciakuthii aliinua macho akaona nyumba yake mwenyewe.

Paa lake la mabati yenye kutu lilikuwa upande wa kulia wa mteremko wa ng'ambo, nusu limefichwa na migomba. Upande wa kushoto kulikuwa na paa la buluu la shemeji yake Kobia, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Kati ya mapaa hayo mawili, kutoka barabara ya juu hadi kijito cha chini, ilishuka safu ya miti minene yenye magome yanayobambuka. Ni mikungugu, miti inayopandwa kwa kuchomeka tawi ardhini. Wakulima wa Imenti Kusini huitumia kwa kazi mbili: kupandishia viazi vikuu, na kuonyesha shamba la mtu linakomea wapi.

Safu ile haina hati. Shamba lote bado limeandikishwa kwa jina la baba mkwe, ambaye hayupo tena. Siku moja, wanawe wakiwa vijana, alitembea nao kutoka juu hadi chini, Kobia akichomeka tawi hili, Mithika akichomeka lile. Hakuna kilichoandikwa, na wakati huo hakuna aliyeona haja. Mithika, mumewe Ciakuthii, alifariki kabla ya kesi ya urithi kufunguliwa. Tangu hapo kinachomweka Ciakuthii kwenye nyumba ile ni mambo mawili tu: Kobia kuendelea kuiheshimu safu, na safu yenyewe kuendelea kusimama.

Hakuja kwenye kosi kwa ajili ya hayo. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kanyakine, na kwa muda mrefu alifundisha hesabu na Kiswahili bila mtu kumlalamikia. Mwalimu wa sanaa alipohamishwa, mkuu wa shule alitazama nani aliyekuwa amekaa karibu naye ofisini, akampa somo hilo. Muhula mzima Ciakuthii aliwafundisha watoto kuchora kile alichofundishwa yeye: nyumba, mti mmoja, na jua lenye miale kwenye pembe ya karatasi. Msichana mmoja aliuliza kwa nini jua la darasani hukaa pembeni siku zote ilhali la nje hutembea. Tangazo liliposomwa kanisani kwamba likizo ya Agosti mhadhiri kutoka Embu angefundisha watu wazima kuchora mandhari nje, Ciakuthii alikuwa wa kwanza kutoa jina.

Agosti kule ni mwezi wa baridi. Ukungu hukaa bondeni, na zipo asubuhi ambazo darasa zima lilibaki ukumbini likichanganya rangi ya kijani na ya udongo kwenye visahani. Jua likitokea, Nyamu aliwatoa nje mbiombio. Alikuwa na sheria moja.

"Kila mtu achague saa yake," alisema. "Ukichagua saa tatu, ni saa tatu hadi umalize. Ukirudi saa sita, hilo ni shamba lingine."

Ciakuthii alichagua saa tatu kwa sababu saa nne ilikuwa ya chai. Hakujua alichokuwa anakichagua.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa Angeline, mkulima wa jirani, aliyepita barabarani na mzigo wa nepia, majani ya ng'ombe, kichwani. Alisimama, akazitazama zile stendi moja moja bila kugeuza shingo, akigeuka mwili mzima kwa ajili ya mzigo.

"Mnapima barabara ama mnapima mashamba?"

"Tunachora tu, mama," alisema Nyamu.

"Hata wale waliopima barabara juzi walisema wanachora tu."

Akaenda zake. Wanafunzi walicheka. Ciakuthii alicheka nao, kisha akafuata kwa macho ule mzigo wa nepia ukishuka bondeni, ukivuka kijito, ukipanda upande wa pili, hadi ulipofika mahali palipo na paa la buluu na kusimama.

Jioni ile Teresia, mke wa Kobia, alikuja kuomba kiberiti. Alisimama mlangoni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Kwa kawaida huingia na kuvuta kigoda.

"Baba Gitobu anauliza mnachora nini huko."

"Miti. Mashamba."

"Mashamba ya nani?"

"Yanayoonekana, Mama Gitobu."

Teresia alikitikisa kile kiberiti sikioni kama mtu anayehakikisha kina njiti. "Nitamwambia yanayoonekana," alisema.

Kulikuwa na jambo jingine, na Ciakuthii alikuwa akilihesabu moyoni kabla hata ya kosi kuanza. Kila mwaka, majira hayo, Kobia huchimba viazi vikuu, gikwa kwa Kimeru, kwenye mikungugu na kumpelekea kimoja, kilichofungwa kwa jani la mgomba. Alianza mwaka Mithika alipofariki, na hakuwahi kuruka. Mwaka huu Agosti ilikuwa inafika katikati na hakuna kilicholetwa. Wakikutana njiani, salamu za Kobia zilikuwa fupi. Zamani alikuwa mtu wa kuuliza kuhusu Murungi, mwanawe Ciakuthii anayefanya kazi Nairobi, na kuhusu kahawa, na kuhusu shule. Sasa aliuliza kuhusu shule tu, na hakungoja jibu.

Darasani, picha yake ilikuwa inaanza kufanana na kitu. Nyamu alisimama nyuma yake siku moja, mikono mfukoni.

"Nyumba yako ina kivuli. Migomba ina kivuli. Hii miti ya katikati mbona haina? Imekosana na jua?"

Maxine, mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo kwa nyanya yake Marcella, aliinama kutoka stendi ya pili. "Ticha wetu anaogopa hiyo miti. Tangu jana anaizunguka na brashi kama kuku na nyoka."

Alikuwa amesema kweli. Saa tatu asubuhi jua huwa mashariki, upande wa Kobia. Kwa hiyo vivuli vya mikungugu huanguka magharibi, ndani ya shamba la Ciakuthii, na kutoka ng'ambo ya bonde mti na kivuli chake huungana kuwa kitu kimoja. Akivichora, safu ingeonekana pana, imeingia kwake. Akichora jioni, ingekuwa imeingia kwa Kobia. Alijaribu kukimbilia katikati. Siku moja alikuja saa sita, akaona kwamba saa hiyo safu haipo kabisa: miti ilikuwa imezama kwenye kijani cha migomba na makadamia, na mteremko wote ulikuwa shamba moja kutoka paa hadi paa. Shamba moja ni la nani? Hilo ndilo swali ambalo hakutaka karatasi yake iulize.

Hata hivyo alipaka kijani cha saa sita juu ya kazi ya saa tatu. Kesho yake Nyamu aliitazama picha kwa muda.

"Hapa nyumba ziko asubuhi na miti iko adhuhuri," alisema. "Mtu akitembea kutoka kwako hadi kwa jirani anachukua saa tatu."

"Naweza kuiacha hivyo?"

"Unaweza. Lakini mtu yeyote akiitazama atajua kuna kitu umekificha, hata kama hajui ni nini."

Ciakuthii alipumzisha brashi. Kisha, kwa kuwa Nyamu alikuwa mgeni na angerudi Embu, alimweleza yote: baba mkwe, matawi, jina kwenye hati, kiazi ambacho hakikuja. Nyamu alisikiliza akikwangua rangi kavu kwenye ukucha.

"Kwetu, baba yangu na ndugu yake hawasalimiani kwa sababu ya mti mmoja wa kahawa," alisema. "Na mti wenyewe ulishakauka. Mimi nafundisha rangi, mwalimu. Ya mpaka siwezi kukuambia. Ila saa uliyochagua ni tatu."

Alirudi kwenye saa tatu. Alikuwa anatia kivuli cha mti wa juu kabisa, polepole, aliposikia Maxine akinyamaza. Maxine alikuwa mtu wa kuimba chini kwa chini akichora, na kunyamaza kwake kulisikika.

"Ticha. Kuna mtu hapo kwa miti yako."

Ng'ambo, katikati ya safu, kulikuwa na mtu mwenye ovaroli ya buluu. Alikuwa mdogo kama ncha ya brashi, lakini Ciakuthii alimjua kwa jinsi alivyosimama, mguu mmoja juu ya mwinuko. Kobia alikuwa ameelekea uwanja wa kanisa. Haikuwezekana kujua kama aliwaona, lakini stendi zilikuwa safu moja na karatasi nyeupe zinaonekana mbali. Alisimama hivyo kwa muda. Kisha akageuka, mkono ukainuka, na kitu kikametameta juani.

"Ni panga," alisema Maxine, akivuta picha kwa simu. "Anakata. Anakata mti, ama matawi? Sioni vizuri."

Panga liliinuka likashuka, na sauti yake ilivuka bonde na kuwafikia likiwa tayari limeinuka tena. Ciakuthii alishika ukingo wa kibao. Alifikiria kushuka mbio, akafikiria angesema nini akifika akihema mbele ya mtu mwenye panga kwenye shamba ambalo hati yake haina jina lake. Akabaki. Mti mmoja wa katikati uliegemea, ukashikwa na migomba, ukateleza, ukatoweka. Yule mtu aliyavuta matawi yake kuelekea paa la buluu. Miti mingine hakuigusa.

"Ni yenu?" Maxine aliuliza.

"Ni ya kati," alijibu Ciakuthii.

Jioni, akirudi nyumbani, alipita pale. Kisiki kilikuwa kimelika ndani, na mchwa walikuwa bado wanahangaika juu ya unga wa mti. Aliikagua miti iliyobaki, akapapasa magome akitafuta alama yoyote ya panga. Hakuna. Mti uliooza hukatwa. Mtu anayetaka kufuta mpaka pia huanza na mti uliooza, kwa sababu huo hauna mtetezi. Alisimama pale hadi alipohisi mtu anaweza kumwona, akaondoka.

Murungi alipopiga simu alimweleza, na akajuta papo hapo.

"Mama, piga picha hiyo safu leo. Yote. Na hiyo uliyochora iweke, usiiguse. Ule mti uko kwa karatasi?"

"Uko."

"Basi hiyo ndiyo tutamwonyesha chifu. Tutamuuliza ulienda wapi."

Hakuwa amefikiria hivyo. Sasa hakuweza kufikiria vingine. Picha ambayo angeitumia kufundishia watoto kivuli ilikuwa imegeuka kitu cha kupelekwa mahali, na Kobia, kwa vyovyote, alikuwa ameliona hilo kabla yake. Ndiyo maana alisimama akiwatazama.

Asubuhi alimuuliza Nyamu, kama anayeuliza jambo la ufundi, "Mti ukikatwa kabla mtu hajamaliza kuchora, hufanya nini?"

"Wengine huuacha, ulikuwepo walipoanza. Wengine huutoa. Nimefanya yote mawili, na hakuna picha iliyoharibika."

"Basi inategemea nini?"

"Kwa picha, haitegemei kitu," alisema Nyamu. "Kwa yule mama wa nepia, sijui."

Ukungu ulikuja siku zilizofuata, na alikuwa na sababu ya kutoamua. Alikaa ukumbini mbele ya karatasi, ule mti wa katikati ukiwa umesimama na kivuli chake cha saa tatu, umechorwa vizuri kuliko yote. Asubuhi ya mwisho kabla ya maonyesho jua lilitoka. Alibeba stendi hadi mahali pake. Ng'ambo, safu ilishuka, ikakatika, ikaendelea, na pale ilipokatika mwanga wa jua ulipita moja kwa moja hadi kwenye migomba yake, kijani kikali karibu na njano. Alichanganya kijani hicho. Alikipaka juu ya mti, mara moja, kisha tena mpaka mti ukafunikwa.

Maonyesho yalifanyika Jumapili baada ya ibada. Picha zilitundikwa ukumbini kwa vibanio vya nguo, kwenye kamba, na waumini wakazipitia na vikombe vya chai. Hakuna aliyezungumza kuhusu rangi. Kila mtu alitafuta kwake.

"Hapa ni kwetu. Mbona ng'ombe hayuko?"

"Labda alikuwa amelala."

"Na choo cha mzee Gachoki mmekiweka, hata hicho? Tena na mlango wazi."

Kobia aliingia wakati ukumbi umejaa, akiwa na koti la Jumapili, kofia mkononi. Alianza mwisho wa kamba ulio mbali. Alizitazama picha zote, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa mtu anayetaka ionekane kwamba hakuja kwa ajili ya moja. Alipofika kwa ya Ciakuthii alisimama. Kidole chake kilishuka hewani, mti kwa mti, kutoka barabara ya juu. Katikati kilisimama.

"Mama Murungi."

"Shemeji."

"Hii ni asubuhi."

"Ni saa tatu."

"Kivuli kiko upande wako."

"Asubuhi huwa upande wangu."

Kobia alitikisa kichwa kukubali. "Na hapa hakuna kitu."

"Hakuna. Uliukata."

Waliokuwa karibu waliacha kutafuna.

"Ulikuwa umeoza," alisema Kobia.

"Niliona mchwa."

"Ulienda kuangalia."

"Nilienda."

Aligeuza kofia mikononi, ukingo kwa ukingo. "Niliambiwa mnapima. Halafu nikaambiwa mnachora. Nikasema, atauchora huo mti ukiwa umesimama. Siku moja karatasi ipelekwe mahali, watu waulize mti ulienda wapi, na nani alikuwa na panga."

"Nami nilidhani," alianza Ciakuthii.

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani unaanza na huo."

Ukumbi ulikuwa na kelele, lakini si karibu yao. Hatimaye Kobia alivaa kofia, akakumbuka yuko ndani, akaivua.

"Mti wa mpaka haurudishwi na mtu mmoja," alisema. "Nilikuwa nangoja umalize hii shule yako. Jumamosi uje na jembe."

Akaondoka bila kunywa chai. Ciakuthii hakujua kama kweli alikuwa akingoja, au jambo hilo lilikuwa limegeuka kweli pale pale, mbele ya watu. Alijua tu kwamba lilikuwa limesemwa na watu wamesikia.

Jumamosi alifika na jembe na hofu mpya. Kobia alikuwa amekichimba kisiki na mizizi yake yote ili kuwaondoa mchwa, na shimo lililobaki lilikuwa pana kama kitanda. Mti wa chini yake ulikuwa mbali, kwa sababu mwingine ulikufa zamani na haukurudishwa. Migomba ilikuwa imeziba pande zote. Mtu akisimama pale aliona udongo mwekundu na majani, na hakuona safu.

Kobia alikuwa na tawi la mkungugu, limekatwa mshazari chini. Teresia alikuwa nyuma yake na mtungi wa maji. Kobia alilitazama shimo, akapiga hatua, akasimika tawi.

"Hapa."

Kwa macho ya Ciakuthii palikuwa ndani kwake, hatua nzima au zaidi. Lakini hangeweza kuapa. Akisema na akawa amekosea, amemwita shemeji yake mwizi mbele ya mkewe, kwenye siku aliyoalikwa. Asiposema, tawi litaota mizizi, na baada ya miaka michache litakuwa ukweli. Kobia alikuwa tayari anainama kuchukua udongo.

"Shemeji, ngoja."

Alitoa simu akampigia Maxine. "Uko kwa nyanya? Nenda pale stendi yangu ilipokuwa. Pale pale, usisogee. Ukifika nipigie, uniambie tawi likinyooka na miti."

"Unaita nani?" Kobia aliuliza, bado ameinama.

"Mtu wa kutuangalia kutoka kule."

"Kupima."

"Hapimi. Anaangalia tu. Nimekaa pale nikiitazama hii safu, shemeji. Kule inaonekana. Hapa mimi siioni, na nafikiri hata wewe huioni."

Kobia alisimama wima. Alitazama juu, akatazama chini, akakutana na migomba mara zote mbili. Kisha akatazama ng'ambo, kwenye uwanja wa kanisa, ambako hakukuwa na mtu bado.

"Akipiga, weka sauti kubwa," alisema.

Walingoja. Teresia aliweka mtungi chini. Kisha simu ikalia.

"Nawaona," ilisema sauti ya Maxine. "Mko wadogo kama chawa. Huyo mzee ainue hiyo fimbo juu, migomba inanizuia."

Kobia aliling'oa tawi akaliinua juu ya kichwa.

"Aende kushoto."

"Kushoto kwa nani?" Kobia aliuliza.

"Kwangu. Aende kwa paa ya buluu."

Teresia aliitazama miguu yake mwenyewe. Kobia hakusogea. "Huyu ni nani?"

"Mjukuu wa Marcella," alisema Ciakuthii.

"Marcella pia alikuwa na mdomo hivyo." Alipiga hatua moja kuelekea nyumba yake.

"Bado. Kwa buluu."

Alipiga nyingine.

"Umepita sasa. Rudi kidogo, kwa ile ya kutu."

"Kwa ile ya kutu," Kobia alirudia, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti ianze, Ciakuthii aliona kitu kama tabasamu, ingawa hakuwa na hakika.

"Hapo. Hapo hapo. Imenyooka."

Kobia alilisimika. Hakusema kwamba pale pa mwanzo palikuwa kosa, na Ciakuthii hakuuliza. Alilishika tawi kwa upande wake, naye Kobia kwa upande wake, kama ilivyo desturi, Teresia akarudisha udongo kwa jembe na kumwaga maji.

"Ile gikwa yako ya kila mwaka ilitoka kwa huu mti uliokatwa," Teresia alisema akikanyaga udongo. "Ilioza na mti. Yeye akasema, nitampelekea nini, nitampelekea ya mti mwingine aseme nimebadilisha?"

"Mama Gitobu," alisema Kobia.

"Si nimesema tu."

Kobia alikuwa amekwisha kuokota panga lake aliposimama tena. "Na ile picha. Utaongeza hili?"

"Likishika," alisema Ciakuthii.

Tawi la mkungugu lililochomekwa halina tofauti na kuni. Hukaa hivyo hadi mvua za Oktoba, na mengine huoza chini kwa chini bila kumwambia mtu. Kesi ya urithi bado haijafunguliwa. Murungi anaulizia kila akipiga simu. Picha iko kwenye ukuta wa darasa, na pengo lake. Kila asubuhi kabla ya shule Ciakuthii hupita pale, na kwa ukucha hukwangua kidogo gome la tawi, upande wake, kuona kama chini bado ni kijani. Anajua kwamba ukikwangua sana unaliua. Hukwangua kidogo sana.

Wiki iliyopita aliinama akaona alama nyingine, mpya, bado na unyevu. Ilikuwa upande wa pili wa tawi, unaotazama paa la buluu, na ilikuwa kubwa kuliko zake, ya ukucha wa kidole gumba. Chini yake palikuwa kijani. Asubuhi hiyo hakukwangua.